Swali Ndani ya Sentensi: Maulizo Huru na Maulizo Tegemezi katika Kingwana cha Kasongo na Kiswahili cha Pwani

Sentensi kama "Sijui ni nani alikuja" husikika kila siku katika soko la Kasongo, huko Lusangi na katika vijiji vya Kabambare, wala hakuna anayegeuka kumtazama msemaji. Lakini mwanafunzi aiandikapo katika karatasi ya mtihani, aghalabu hurudishiwa ikiwa na mstari mwekundu chini ya kitenzi, na juu yake neno "aliyekuja". Huambiwa kwamba amekosea sarufi. Pengine huambiwa pia kwamba Kingwana chake ndicho kilichomkosesha. Makala haya yanakusudia kuuchunguza mstari huo mwekundu, ili tujue ni kanuni gani hasa iliyovunjwa, na kama imevunjwa kweli.

Itatubidi tutazame jinsi swali linavyoundwa linaposimama peke yake, kisha jinsi linavyobadilika, au lisivyobadilika, linapoingizwa ndani ya sentensi nyingine. La kwanza nitaliita swali huru, na la pili swali tegemezi. "Nani alikuja?" ni swali huru. Katika "Sijui nani alikuja" swali hilohilo limekuwa yambwa ya kitenzi "sijui", na msemaji haombi tena jibu, bali anataarifu kwamba jibu hanalo. Mifano ya Kingwana nimeiandika kwa tahajia ya Kiswahili Sanifu. Tofauti za matamshi, kama vile "batu" kwa "watu" na "kuya" kwa "kuja", zina uzito wake, ila hazihusu hoja hii.

Neno moja la historia linahitajika kwanza. Kingwana ni lugha ya waungwana, yaani watu walioandamana na misafara ya wafanyabiashara wa Unguja na Mrima waliovuka Ziwa Tanganyika kuelekea Manyema katika miaka ya 1860. David Livingstone alipofika Kabambare mwaka 1869 alikuwa akiifuata njia yao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Mji huo uliangukia mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893, lakini lugha haikuondoka na mabwana wake. Ilikwisha kuwa lugha ya Wakusu, Wazimba na Wabangubangu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka huohuo John Whitehead alichapisha huko Kongo kitabu chake cha Kingwana kwa Kifaransa, akikiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Tangu hapo Kiswahili kimoja kikawa kipimo, na kingine kikawa kitu cha kupimwa.

Tuanze na maswali huru. Kwa swali ambalo jibu lake ni ndiyo au siyo, Kiswahili chote kina desturi moja: mpangilio wa maneno haubadiliki. "Mwalimu amefika" ni taarifa, "Mwalimu amefika?" ni swali, na kinachozitenga ni kiimbo. Pwani huweza kutanguliza "je". Katika Maniema neno "je" hufahamika kutokana na vitabu, mawaidha na redio, lakini katika mazungumzo ya kawaida msemaji hutosheka na kiimbo, au humalizia kwa "ao hapana?", na aliyezoea Kifaransa huanza na "eske". Kwa maswali yenye viulizi, tofauti iko katika msamiati zaidi kuliko katika muundo. Pwani husema "Ulifikaje?", Kasongo "Ulifika namna gani?". Penye "lini" husikika "siku gani" au "saa gani". Penye "kwa nini" husikika "juu ya nini". Pamoja na "wapi" kuna "fasi gani". Kiulizi "-pi" chenye upatanisho wa ngeli (yupi, kipi, upi) kimeachia nafasi yake kwa "gani", hata tofauti ya Pwani kati ya "mtu yupi" na "mtu gani" haipo tena. Hiyo naihesabu kuwa hasara, kwa kuwa kuuliza ni mmoja yupi kati ya wanaojulikana si sawa na kuuliza ni wa namna gani.

Hata hivyo jambo lenye maana kwetu ni kwamba kila upande kiulizi hubaki mahali pa jibu lake. "Alinunua nini?" hujibiwa "Alinunua chumvi", na "nini" na "chumvi" hukaa katika kiti kimoja. Lugha nyingi za Kibantu hufanya hivyo.

Kiingereza ni kinyume, na ndiyo sababu chafaa kulinganishwa. Swali huru la Kiingereza hugeuza mpangilio, yaani kitenzi kisaidizi huruka mbele ya kiima: "Did he come?". Swali likiwa tegemezi, Kiingereza cha shule hulazimisha mpangilio urudi kama ulivyokuwa, na mahali pa mgeuko huingia neno "if" au "whether". Lakini si Waingereza wote, wala si wasemaji wote wa Kiingereza, watiio amri hiyo. Katika Kiingereza cha Ireland, na katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi, ni kawaida kabisa kusema "I asked him did he come", yaani mgeuko wa swali huru umeachwa hai ndani ya swali tegemezi. Kwa muda mrefu walimu waliuhesabu kuwa uzembe. Wanaisimu walipouchunguza walikuta una kanuni: msemaji anayegeuza mpangilio hatumii "if" papo hapo. Ama kiunganishi, ama mgeuko. Kiti kimoja hakikaliwi na wawili. Kwa upande wa Ireland chanzo chake si vigumu kukiona, kwa maana Kiayalandi hutumia kiambajengo kilekile cha kuulizia, "an", katika swali huru na katika swali tegemezi. Wazee walioacha Kiayalandi na kushika Kiingereza walihifadhi mantiki ya lugha yao kwa maneno ya lugha mpya.

Kwa kuwa Kiswahili hakina mgeuko, mtu angedhani kwamba hakina pia tatizo hili. Si hivyo. Alama za swali huru katika Kiswahili ni kiimbo na "je", na hizo ndizo zinazokatazwa kuingia katika swali tegemezi. "Aliniuliza kama nitakuja" ni sawa. "Aliniuliza, je, utakuja?" pia ni sawa, lakini hapo hapana utegemezi: nafsi ya kitenzi inatuonyesha kwamba tunasikia maneno halisi ya muulizaji. Ukichanganya, ukasema "Aliniuliza kama je nitakuja", wengi watakunja uso, kwa sababu ileile ya kiti kimoja. (Magazeti yanapoandika "Swali ni je, bei zitashuka?" hayajavunja kanuni, yamenukuu swali bila alama za kunukuu.) Katika masimulizi ya Kikongomani mpaka kati ya kunukuu na kutaarifu huwekewa neno "asema": "Aliniuliza asema, utakuja siku gani?". Hapo nafsi haikugeuzwa, na "asema" si kitenzi tena bali ni mlango wa nukuu.

Sasa tufike kwenye kalamu nyekundu. Kiswahili cha Pwani kina njia mbili za kuliingiza swali lenye kiulizi ndani ya sentensi. Tazama:

(1) Sijui alinunua nini.
(2) Sijui alichonunua.

Katika (1) swali limeingia jinsi lilivyo, kiulizi kikiwa mahali pake. Tuiite njia ya swali. Katika (2) hapana kiulizi chochote; pana kitenzi chenye kirejeshi, ambacho kwa umbo chamaanisha "kitu ambacho alikinunua", lakini hapa chafanya kazi ya swali. Tuiite njia ya rejeshi. Pwani huipenda mno njia hii ya pili: sijui alipo, niambie ulikotoka, hakueleza ilivyotokea, aliniuliza ninachotaka. Ni fupi na ina madaha, na waandishi wazuri huitumia kwa wingi.

Kingwana hakina nafasi kubwa kwa njia hiyo, kwa sababu kirejeshi cha "-o" ndani ya kitenzi si umbo la mazungumzo yake. Kasongo husikika katika hotuba na darasani. Nje ya hapo urejeshi hufanywa kwa "mwenye" na "yenye": "mtu mwenye alikuja", "kitu yenye alinunua", na penye "alipokuja" husemwa "wakati alikuja". Kwa hiyo msemaji wa Kasongo, akitaka kuliingiza swali katika sentensi, huifuata njia ya swali: "Sijui alinunua nini", "Niambie ulitoka wapi", "Hakueleza ilitokea namna gani".

Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi huyu kwa kudhani kwamba njia ya rejeshi ndiyo asili na njia ya swali ni upungufu, hajaijaribu njia ya rejeshi mpaka mwisho wake. Aijaribu kwa "kwa nini". "Sijui kwa nini alikataa" haina umbo la rejeshi linalolingana nayo; itabidi kuleta nomino, "sababu iliyomfanya akatae". Aijaribu kwa "ngapi": "Sijui wangapi walikuja" nayo haigeuki mpaka iletwe nomino "idadi". Aijaribu kwa watu, na hapo mambo huharibika zaidi. "Aliniuliza ni nani aliyevunja mtungi" yaeleweka mara moja. Ukiondoa "ni nani", ukabaki na "Aliniuliza aliyevunja mtungi", msikilizaji ataelewa kwamba mvunja mtungi ndiye aliyeuliza! Kirejeshi cha mtu huweza kuwa kiima kilichokuja nyuma ya kitenzi, na usomaji huo huushinda ule wa swali. Njia ya rejeshi, basi, ni njia nzuri yenye madaraja yaliyokatika. Hupitika kwa mahali, wakati, namna na vitu, na hata kwa vitu si kila mara. Njia ya swali hupitika yote. Msemaji wa Pwani naye, afikapo kwenye daraja lililokatika, hurudi kwenye njia hiyohiyo ya Kasongo.

Zaidi ya hayo, Kingwana hutenga maana mbili ambazo Pwani huziunganisha. "Najua anapokaa" yaweza kumaanisha kwamba najua jibu la swali "anakaa wapi?", au kwamba ninapafahamu pale mahali, hata kama sijui kwamba ni yeye akaaye hapo. Pwani hutumia kiambishi cha yambwa kutenga maana hizo, "napajua anapokaa", kama inavyotenga "Namjua aliyeiba" na "Najua ni nani aliyeiba". Ila kwa mahali wasemaji wengi hawajisumbui. Kasongo hutumia miundo miwili isiyofanana hata kidogo: "Najua anakaa wapi" kwa jibu, "Najua fasi yenye anakaa" kwa mahali. Haiwezekani kuzichanganya.

Vipi kuhusu ile "Sijui ni nani alikuja"? Hapa msahihishaji ana haki, lakini sababu anayoitoa siyo. Kosa, kwa kipimo cha Kiswahili Sanifu, haliko katika utegemezi wa swali. Liko katika "ni". Katika Sanifu "ni nani" ni kiarifu kamili, na kinachofuata hakina budi kuwa rejeshi: "ni nani aliyekuja". Kanuni hiyo hushika vilevile katika swali huru. Katika Kingwana "ni" hiyo ni alama ya mkazo tu, haidai rejeshi nyuma yake. Basi mwanafunzi anayetaka kuandika Sanifu bila kuacha muundo alioulelewa nao, na afute "ni": "Sijui nani alikuja" ni Kiswahili safi Unguja na Kasongo. Kumwamuru atie "-ye-" bila kumweleza kazi ya "ni" ndiko kunakozaa mahuluti tunayokutana nayo katika insha, kama vile "Sijui kwa nini alivyokataa", ambamo mwandishi ametia kirejeshi mahali pasipokitaka, kwa hofu tu.

Wasomaji wa Kongo watakuwa wamekwisha kuliona jambo hili katika lugha nyingine. Kifaransa cha shule huuliza "Qu'est-ce que tu veux?", lakini katika swali tegemezi hudai "Je ne sais pas ce que tu veux". Hiyo ni njia ya rejeshi kabisa, "unachotaka" herufi kwa herufi. Mtoto wa Kasongo anayesema "Je ne sais pas qu'est-ce que tu veux" amefuata njia ya swali, na huadhibiwa na mwalimu wa Kifaransa siku ileile aliyoadhibiwa na mwalimu wa Kiswahili. Laiti angejua kwamba Wafaransa wenyewe, wakiwa mbali na madawati, husema hivyohivyo.

Mpaka hapa nimekitetea Kingwana. Lakini kipo kipengele kimoja cha swali tegemezi ambamo Kingwana kina utata wa kweli, na cha ajabu ni kwamba kalamu nyekundu huwa haikigusi. Ni neno "kama".

Katika Sanifu "kama" huingiza swali la ndiyo au siyo, na "kwamba" au "kuwa" huingiza taarifa. "Aliuliza kama utakuja". "Alisema kwamba utakuja". Katika Kiswahili cha Kongo "kama" hufanya kazi zote mbili. "Alisema kama atakuja" kwa mtu wa Kabambare ni taarifa iliyotimia: ametoa ahadi, pikeni chakula. Kwa mtu wa Dar es Salaam sentensi hiyo inaning'inia. Atataka kujua alisema atakuja au la.

Mara nyingi kitenzi kikuu humwokoa msikilizaji. "Kuuliza" hudai swali, "kusema" na "kuamini" hudai taarifa, kwa hiyo "kama" inayofuata haina maana ila moja. Tatizo ni vitenzi vyenye milango miwili: kujua, kusikia, kukumbuka, kuambia. "Anajua kama mkutano ni kesho" katika Kasongo ni sentensi mbili zilizovaa kanzu moja. Katika hali ya kukanusha hata Pwani haijanusurika. Mwenyeji wa Dar es Salaam humwambia mgeni wake "Sikujua kama umekuja" akiwa anamtazama machoni, na bila shaka anamaanisha "kwamba". Lakini Pwani hali hiyo imefungwa zaidi katika ukanushi, na huku Kongo imeenea kote.

Msemaji akitaka kuondoa utata anacho chombo: huongeza "ao hapana" mwishoni. "Sikujua kama aliondoka ao hapana" haiwezi kuwa taarifa. Ila hakuna anayekitumia chombo hicho asipohisi kwamba ataeleweka vibaya, na katika mazungumzo ya watu wanaofahamiana, hahisi.

Utata huo hugharimu pale lugha inapovuka kwenda katika lugha nyingine. Katiba ya mwaka 2006 imekitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo mtu huhojiwa kwa Kiswahili, na hati ya mahojiano aghalabu huandikwa kwa Kifaransa. Chukulia mtu aliyekutwa na baiskeli ya wizi, akasema:

(3) Sikujua kama baiskeli hii iliibwa.

Karani akiandika "que", mshtakiwa amekubali kwamba baiskeli iliibwa, ila anajitetea kwa kutojua. Akiandika "si", mshtakiwa hakukubali chochote; hata wizi wenyewe bado unahitaji ushahidi. Ni herufi chache, nazo huchaguliwa na mtu ambaye mara nyingi hajui kwamba amechagua. Pengine amekulia katika Kingwana, basi "que" humjia bila kufikiri. Pengine amejifunza Kiswahili katika vitabu vya Sanifu, basi humjia "si". Katika hali zote mbili dawa ni nyepesi: arudie maneno ya mhojiwa kwa kuongeza "ao hapana" na kumwuliza kama ndivyo alivyokusudia. Mhojiwa atakataa au atakubali papo hapo, maana masikio yake hayana shaka juu ya muundo huo.

Jambo hilohilo hujitokeza katika madodoso ya afya yanayotafsiriwa kutoka Kifaransa au Kiingereza. Swali kama "Unajua kama malaria huletwa na mbu?" limekusudiwa kupima maarifa. Msikilizaji wa Kasongo husikia "Unajua kwamba malaria huletwa na mbu?", yaani amekwisha kupewa jibu, naye kwa adabu hujibu "Ndiyo". Mdodosaji huandika kwamba mtu huyu anajua. Kubadili "kama" kuwa "iwapo" hakusaidii sana, kwa kuwa "iwapo" ni neno la vitabu, na mdodosaji mwenyewe atalifasiri kwa "kama" pindi aonapo kwamba hakueleweka. Afadhali swali tegemezi liachwe kabisa, na swali huru liulizwe kwa kiulizi kilichokaa mahali pake: "Malaria huletwa na nini?". Sentensi hiyo ni ileile Unguja na Kabambare, na haimnong'onezi mtu jibu. Na pale ambapo dodoso halina budi kutaja mbu, pande zote mbili zitajwe wazi, ya pili isiwe kivuli cha ya kwanza: "Malaria huletwa na mbu, ao huletwa na kitu kingine?".